Masika na muhula wa pili: mwongozo kamili wa mzazi wa shule ya msingi Mombasa

Saa tatu usiku. Mvua yapiga mabati, stima imeshapotea mara mbili, na mtoto aliyekwisha kupiga mswaki atoka chumbani mdogo mdogo. "Mama, mwalimu kasema kesho twende na chupa mbili za vifuniko vyekundu, mbegu za kunde na kitambaa cha zamani." Kaambiwa tangu Jumatatu. Leo ni Alhamisi. Duka la jirani limefungwa, na kunde iliyomo nyumbani iko ndani ya sufuria, imeshatiwa nazi.

Sisi pwani hatuna msimu wa maua na theluji kuyeyuka, tuna masika. Kaskazi ikilegea, kusi hushika mwezi wa Aprili, mvua ikaja nayo, na Mei ndio mwezi unaoongoza kwa mvua mjini hapa. Muhula wa pili hufunguliwa katikati ya haya yote. Wazazi wengi huiogopa Januari kwa sababu ya vitabu na yunifomu. Mimi ninaye mmoja gredi ya sita na mwingine gredi ya pili, na ninayoiogopa ni Aprili. Januari hula pesa tu. Aprili hula pesa, viatu na usingizi, na kila jambo humfikia mzazi usiku wa mwisho.

Kwa hivyo kazi yote ya mwongozo huu ni moja: habari ikufikie wewe kabla haijamfikia mtoto. Nimeupanga kama ninavyofanya mwenyewe, kuanzia wiki ya pili ya likizo ya Aprili.

Hatua ya 1: Karatasi ya mlangoni

Chukua karatasi moja kubwa, hata ile ya nyuma ya kalenda ya mwaka jana, uibandike ndani ya mlango wa mbele, pale ambapo mtu hawezi kutoka bila kuiona. Si kwenye simu. Simu ina makundi manne ya wazazi, na tangazo la mwalimu huzama chini ya salamu za Ijumaa na picha za maua kabla hujamaliza kuosha vyombo.

Andika kwanza tarehe tatu: kufungua, mapumziko ya katikati ya muhula na kufunga. Wizara ya Elimu hutoa ratiba ya mwaka mzima mapema, na shule za umma huifuata. Muhula wa pili huanza mwishoni mwa Aprili na huchukua wiki kumi na nne hivi, mapumziko ya katikati yakiangukia nusu ya pili ya Juni, na kufunga mwanzoni mwa Agosti au siku moja mbili kabla. Ukiwa na mtoto shule ya binafsi inayofuata mtaala wa nje, usidhani. Ratiba yao ni nyingine kabisa, na utajikuta na mmoja likizoni na mwingine darasani.

Kisha ongeza sikukuu: Mei mosi, Madaraka tarehe 1 Juni, na Idd ya Mfungo Tatu, ile ya kuchinja, ambayo miaka hii inaangukia ndani ya muhula wa pili na kurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Idd iandike kwa penseli, kwa kuwa mwezi hauandami kwa kalenda ya shule. Mimi huiachia nafasi ya siku mbili, na siku hizo sipangi daktari wala fundi.

Acha pia nafasi tupu juu ya tarehe ya kufungua. Mwaka 2024 shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili, mafuriko yakaikumba nchi, ufunguzi ukaahirishwa kwa wiki moja, halafu ukaahirishwa tena, na watoto wakarudi tarehe 13 Mei. Kuna wazazi waliokuwa wameshapanda basi kutoka bara na watoto na masanduku. Tangu hapo nauli ya kurudi kutoka kwa nyanya yao naikata mapema lakini nafuatilia taarifa ya habari usiku ule wa mwisho kabla ya kumtoa mtu kwao.

Mwenye mtoto wa chuo cha Qur'ani ana ratiba ya pili ya kuoanisha. Likizo ya shule mara nyingi si likizo ya chuo. Maalimu wengi huongeza masomo ya asubuhi mwezi wa Aprili maana watoto wana nafasi. Muulize maalimu lini wanarudi saa za jioni, uandike karatasi ile ile. Mtoto anayetoka shule saa tisa na nusu, akaingia chuoni saa kumi, akatoka magharibi, hana saa ya kufanya kazi ya nyumbani isipokuwa umemtafutia.

Hatua ya 2: Pesa, na risiti zake

Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure mwaka 2003, na kila mzazi wa Mombasa anajua kwamba bure hiyo ina mikono: chakula cha mchana, karatasi za majaribio, mlinzi, trip, fulana ya michezo. Usigombane getini. Jua kwanza sheria inasemaje. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Michango mingine inaweza kutozwa kwa idhini ya Waziri akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na mtoto hafai kukataliwa shuleni kwa sababu mchango huo haujalipwa. Sheria hiyo hiyo inakataza masomo ya ziada ya kulipia wakati wa likizo. Maneno hayo ukiyasema kwa upole ofisini, na salamu kamili kwanza, yanafika mbali kuliko ukiyapigia kelele mbele ya wazazi wenzako.

Omba orodha ya michango ya muhula mzima, si ya wiki. Ukiwa nayo gawa: kinacholazimu wiki ya kwanza, kinachoweza kungoja mwisho wa Mei, na kile unachoweza kusema "hapana, mwalimu, muhula huu sina." Trip ndiyo ya kwanza kukatwa na ndiyo inayomuumiza mtoto zaidi. Kwa hiyo mimi huianzishia kibubu tangu Februari: kila chenji ya tuktuk inaingia humo.

Lipa kwa akaunti ya shule, ya benki au nambari ya kulipia ya M-Pesa, kisha uhifadhi ujumbe. Mwaka mmoja nilimpa mtu wa shule pesa za trip mkononi, getini, nikiharakishia matatu, naye hakukataa wala hakuandika. Siku ya safari jina la mwanangu halikuwamo. Alirudi saa mbili asubuhi na chakula chake kwenye mkebe, hakusema neno, akala mbele ya televisheni kimya kimya. Hakuna aliyeiba, nadhani. Watu wawili tu walisahau. Lakini risiti haisahau.

Hatua ya 3: Kumvisha mtoto kwa masika

Hapa ndipo panapotaka muda wako mwingi. Yunifomu mbili ndiyo idadi ya chini mwezi wa Mei, maana nguo iliyofuliwa jioni haikauki asubuhi, hewa yenyewe imelowa. Kama bajeti inaruhusu moja tu mpya, ya pili itafute soko la Kongowea kwenye mitumba kwa suruali na sketi za rangi moja, na shati jeupe halikosekani. Sweta ya shule yenye nembo ndiyo utakayonunua duka lililotajwa na shule. Hapo huna ujanja. Ila uliza kwa wazazi wa gredi za juu: mtoto wa mwaka jana ameshakua, na sweta yake iko kabatini haina kazi.

Nguo ifuliwe mara tu mtoto anaporudi, si usiku. Ikamuliwe ndani ya taulo kavu: ilaze, ikunje pamoja na taulo, ikanyage kwa miguu. Taulo hunywa maji mengi kuliko mikono inavyokamua. Kisha itundike chini ya feni. Pasi ya makaa usiitupe. Stima ikikatika saa kumi na moja alfajiri na kola bado imelowa, ndiyo itakayokuokoa.

Viatu vya ngozi vya shule na maji ya Mombasa havipatani, kwa sababu maji yale yamechanganyika na chumvi, mchanga na uchafu wa mitaro. Mvalishe mtoto sandali za mpira au raba njiani, viatu na soksi vikae ndani ya mkoba, avivae akifika. Mwombe mwalimu wa darasa ruhusa mapema, wengi hawakatai. Kiatu kikishalowa, kijaze gazeti, ulibadilishe kila baada ya saa moja. Usikiweke karibu na jiko: gundi huyeyuka, na kesho yake soli yafungua mdomo kama kiboko.

Vitabu navyo. Mifuko ya nailoni ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, kwa hiyo hakuna tena ile ya duka tuliyokulia nayo. Lakini karatasi ya nailoni iliyofungwa mkate haikukatazwa. Usiitupe. Mkate mkubwa unatoa mfuko unaotosha madaftari manne. Kunja mdomo mara mbili, funga kwa mpira, tia ndani ya mkoba. Yangu sita hukaa kwenye msumari jikoni, na jirani amenicheka tangu Machi. Mwezi wa Mei huja kuomba.

Hatua ya 4: Njia ya kwenda na kurudi

Tembea njia ya mtoto mwenyewe siku moja baada ya mvua kubwa, si siku ya jua. Utaona maji yanakusanyika wapi. Kwetu Kisauni kuna vichochoro ambavyo Februari ni njia ya mkato na Mei ni mto. Mitaro isiyo na vifuniko huwa haionekani maji yakiijaa, na ndiyo hatari kubwa kuliko mvua yenyewe. Kanuni niliyowapa wangu ni fupi: maji usiyoona chini yake, usiyakanyage, waya au nguzo ya stima, usiiguse hata kama kila mtu anaegemea, mvua ikizidi, ngoja shuleni.

Sasa neno "ngoja" linataka maandalizi. Angoje kwa nani? Mwulize mwalimu mkuu shule inafungwa saa ngapi na mlinzi anabaki hadi saa ngapi. Tafuta mzazi mmoja anayeishi karibu na shule, muagane kwamba mtoto wako anaweza kukaa kwake hadi ufike. Wewe nawe uwe na la kumlipa: mimi nawapeleka watoto wake chuoni Jumamosi. Wenye gari la shule, mjue dereva kwa sura na mwenzake anayehesabu watoto, na muelewane njia ikifungwa nani anampigia nani. Mara nyingi dereva hungoja mzazi apige, na mzazi hungoja dereva apige.

Kwa wanaovuka Likoni, hesabu saa moja ya ziada siku za mvua. Kivuko ni bure kwa waendao kwa miguu, lakini foleni si bure. Na kwenye matatu, weka akiba ya "nauli ya mvua". Utingo wakiona mawingu hupandisha bei, na mtoto aliyepewa pesa kamili kamili huachwa stejini.

Jambo moja la wikendi. Kusi huchafua bahari, mawimbi huwa makubwa na mwani hujaa ufuoni. Watoto waliozoea kuogelea Januari hudhani bahari ni ile ile. Si ile ile, na bila mtu mzima wasiende.

Hatua ya 5: Afya

Nianze na mbu, maana Mombasa imeshaona milipuko ya homa ya dengue na ya chikungunya. Mbu anayeeneza magonjwa haya mawili ni yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, na hutaga kwenye maji safi yaliyotulia. Fikiria nyumba zetu: kwa kuwa maji ya bomba hutoka siku yazipendazo, kila nyumba ina mapipa na mitungi. Tunamfugia wenyewe. Funika kila pipa kwa kifuniko kinachobana au kitambaa kilichofungwa kamba. Mara moja kwa wiki limwage, ulisugue pembeni kwa brashi, kwa sababu mayai hushika ukutani juu ya maji na hubaki hai hata pipa likikauka. Tairi bovu, sahani ya chungu cha maua, kifuu kilichotupwa nyuma ya nyumba, vyote vichunguzwe. Neti bado inahitajika usiku kwa ajili ya yule mwingine wa malaria.

Mtoto akipata homa usikisie. Mpeleke akapimwe. Huku ukingoja, ya kushusha homa ni parasetamoli kwa kipimo cha umri na uzito wake. Aspirini na ibuprofeni ziache kando hadi dengue iondolewe, maana zinaweza kuzidisha kutoka damu. Akilalamika tumbo linamkata sana, akatapika mfululizo, au ukaona damu kwenye fizi au pua, hiyo si ya kungoja asubuhi.

Upande wa tumbo: mvua huchanganya maji ya vyoo na ya visima. Chemsha maji ya kunywa au tia dawa ya klorini kwa kipimo cha chupani, na mtoto abebe chupa yake. Siwezi kuwakataza mabuyu, achari na viazi vya karai vya nje ya geti. Nilikula mwenyewe, na atakayesema hakula si mtoto wa Mombasa. Nimewakataza kimoja tu mwezi wa Mei, barafu za rangi, kwa kuwa sijui maji yake yametoka wapi. Weka nyumbani pakiti mbili tatu za chumvichumvi (ORS) za kumrudishia maji mtoto anayeharisha, na usome maandishi: nyingine zinataka nusu lita ya maji, nyingine lita nzima. Ukikosea hapo, dawa yenyewe inageuka tatizo.

Siku ya dawa za minyoo hutangazwa shuleni. Mpe staftahi nzito asubuhi hiyo, na kama anaumwa mwambie mwalimu kabla hajapewa.

Hatua ya 6: Kile kisanduku cha chini ya kitanda

Sasa turudi kwenye zile chupa za vifuniko vyekundu. Mtaala wa umilisi, CBC, unataka mtoto afanye kwa mikono, nami nimeukubali, ila unataka nyumba iwe bohari. Tafuta boksi moja la katoni, liweke chini ya kitanda, na kuanzia leo lisikose: chupa za plastiki, vifuniko vya rangi mbalimbali, vipande vya leso vilivyochakaa, kamba, vifuu vya nazi vilivyokauka, makumbi, boksi la dawa ya meno, magazeti, gundi na mkasi butu. Kifuu kimoja cha kwetu kimeshakuwa kikombe cha rangi, ngoma, kobe na kichwa cha mwanasesere. Si lazima kununua. Waalimu wenyewe watakwambia wanataka vya kuokota. Ni sisi wazazi tunaokimbilia dukani kwa kuona haya.

Masika ni msimu wa kupanda, kwa hiyo kazi ya shamba itakuja, hilo usiwe na shaka. Usiingoje. Chukua mtungi wa mafuta wa lita ishirini uliopasuka, ukate ubavu, utoboe matundu kumi chini kwa msumari uliochomwa moto, ujaze mchanga uliochanganywa na samadi ya mbuzi. Panda mchicha na kunde wiki ya kufungua. Mchicha utavunwa baada ya wiki tatu nne, na mtoto atakuwa na kitu hai cha kuonyesha wenzake wakileta picha za intaneti. Uweke mtungi chini ya ukingo wa paa lakini si pale maji yanapoanguka kwa kishindo. Mbegu zetu za kwanza zilifukuliwa zote na tone za mabati usiku mmoja, kukabaki shimo refu kama la panya.

Mwenye mtoto wa gredi ya sita ana jambo la pili. Mtihani wa KPSEA, uliofanywa kwa mara ya kwanza 2022, huja muhula wa tatu, lakini muhula wa pili ndio wa kusoma kweli maana ndio mrefu. Mtihani huo hauzuii mtoto kuingia gredi ya saba. Watu wakasikia hivyo wakaupuuza. Alama zake hata hivyo huhesabiwa baadaye, asilimia 20 ya jumla anapopangiwa shule ya gredi ya kumi. Nenda shuleni ukaone jina lilivyosajiliwa na ulilinganishe herufi kwa herufi na cheti cha kuzaliwa. Majina yetu ya pwani huandikwa kila namna. Mohamed mmoja anaweza kuwa na tahajia nne katika ofisi nne.

Hatua ya 7: Mkutano wa wazazi

Nenda. Ukishindwa mtume mtu mzima anayemjua mtoto, awe shangazi au mjomba, si jirani wa kuhudhuria tu. Ukienda, kaa mbele na uulize maswali matatu: michango yote ni ipi, paa na vyoo vimekaguliwa kabla ya mvua, na mwalimu wa darasa anapatikana vipi. Uchaguzi wa wawakilishi wa wazazi ukifika, usijifiche nyuma ya nguzo.

Hatua ya 8: Siku za kusherehekea na trip

Muhula huu una siku nyingi ambazo shule huzitumia kwa maonyesho, na zote zimeshajulikana tarehe, kwa hiyo ziende mlangoni mapema. Tarehe 5 Juni ni siku ya mazingira na 8 Juni ya bahari. Tegemea upandaji wa miti au usafi wa ufuo. Shule zilizo karibu na Mkondo wa Tudor au Mikindani hupanda mikoko, basi mpe nguo zitakazotupwa, kwani tope la mikoko halitoki. Mfundishe kabla aende: mkoko wenyewe ni ule wa mizizi iliyosimama kama miguu, mchu ni ule unaochomoza vijiti kama penseli kutoka matopeni. Tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, kukumbuka wanafunzi wa Soweto wa 1976. Na 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021.

Hiyo ya mwisho naipenda waziwazi. Mtoto wa Mombasa hana sababu ya kwenda kunakili shairi mtandaoni. Mkalishe na nyanya yake jioni moja, amtegee vitendawili, amfundishe maneno ya leso na sababu ya kila moja. Wangu alisimama mbele ya shule na vitendawili vitano vya bibi yake. Cha tatu hata mwalimu mkuu hakukitegua.

Tamasha la muziki nalo huanzia ngazi ya zoni, halafu kaunti ndogo, kaunti, eneo hadi taifa. Mtoto akichaguliwa furahi, kisha uulize mambo mawili kabla ya kununua leso za kuchezea: mazoezi huisha saa ngapi, na wanarudije nyumbani.

Kuhusu trip. Fort Jesus iko hapa hapa na ni rahisi, lakini watoto wengi hutembezwa mle kama foleni ya feri. Mpe mwanao hadithi moja ya kubeba: Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, Waomani wakaizingira kutoka 1696 hadi 1698, karibu miaka mitatu, na baadaye Waingereza wakaifanya gereza hadi 1958. Mwambie atafute kuta ziko nene kiasi gani akarudi kukueleza kwa hatua za miguu yake. Haller Park ya Bamburi ina hadithi bora zaidi kwa wadogo: palikuwa machimbo ya saruji, mawe matupu. Kuanzia 1971 Rene Haller akapanda mivinje, na majongoo wakala majani yaliyoanguka, kinyesi chao kikawa udongo wa msitu. Watoto hulikumbuka neno "kinyesi" na kupitia hilo hukumbuka lote. Shimba Hills, kwenye palahala ambao hawapatikani porini penginepo Kenya, ni nzuri lakini barabara huteleza. Ishauri shule ipange Julai badala ya Mei. Safari za mashua kwenye hifadhi za bahari nazo zingoje kaskazi irudi.

Chakula cha trip ndicho kinachoharibu siku. Usimfungie mbaazi za nazi. Najua mahamri bila mbaazi ni kama harusi bila ngoma, lakini nazi iliyofungiwa mkebeni kwenye basi lenye joto huchacha kabla ya saa sita. Mfungie mahamri makavu, yai la kuchemsha, ndizi mbivu na maji. Mfukoni atie karatasi yenye jina lake, shule na nambari yako ya simu, imefungwa kwa nailoni ya mkate. Fomu ya ruhusa isaini siku inapoletwa, na irudishe siku hiyo hiyo.

Wikendi ya mwisho kabla ya kufungua

Jumamosi: kucha, nywele, viatu vijaribiwe. Mguu hukua likizoni bila kuomba ruhusa. Mkoba toa vyote nje, uanike juani kama jua lipo, maana ukungu hujificha kwenye mfuko wa ndani. Jumapili jioni walale saa mbili, hata kama watalalama. Likizo imewazoesha saa nne. Kisha simama mbele ya karatasi ya mlangoni na uisome kwa sauti pamoja nao, tarehe kwa tarehe, na umuulize kila mmoja: kuna jambo lolote mwalimu alisema kabla ya kufunga ambalo hujaniambia?

Mwaka huu mdogo alifikiri sana, akatazama dari, kisha akasema hakuna. Akaenda kulala. Baada ya dakika tano nikasikia mlango wa chumba ukifunguliwa mdogo mdogo.